Gogo la Mlimani Simrithishi Mtu

Alhamisi ile saa sita mchana, kando ya kitanda cha Mama wodini, tulikuwa watano: Nzomo mume wangu, ambaye ni kifungua mimba wa Mama; Mwongeli dada ya Nzomo, aliyetoka Malili; mzee Ndolo wa kanisa letu; muuguzi aliyemshikia Mama kikombe ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha, na mimi Mutanu, mke wa Nzomo, niliyeandika. Mama alisema hivi.

Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana daktari amesema ini langu limeharibika, na pumzi niliyo nayo ni ya kuazima. Ninaogopa. Siogopi kufa, ninamwogopea Kaluki, shangazi yenu. Jumatatu, kabla sijaumwa, nilimtumia Mbumbuni kopo la uyoga mkavu, uleule niliopika mimi, na simu yake haipatikani tangu asubuhi. Nzomo, usikae! Chukua pikipiki, kamwambie asionje hata kidogo, kwa kuwa sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Nenda, baba, haya mengine Mutanu atakuandikia.

Nyinyi mliobaki, mnajua mimi na Kaluki hatujaamkiana miaka tisa kwa sababu ya gogo lililooza. Nyanya yenu alinionyesha mimi, mke wa mwanawe, gogo lake la uyoga msituni, kule mlimani juu ya Nunguni, akamwacha binti aliyemzaa. Kaluki akanikabili sokoni: “Uliolewa na kaka yangu, sasa umeolewa na gogo la mama yangu pia?” Nikamjibu, “Heri gogo, halina mdomo kama wako.” Watu wakacheka. Mungu anisamehe. Lakini wahenga walisema ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune. Mwaka huu nikavuna, nikamtumia fungu kubwa kuliko langu, na neno kwamba Jumapili nitafika kumwamkia.

Mazoea yana taabu, wanangu. Sisi hatukuwa tukiutazama uyoga, tulilitazama gogo. Uyoga wetu ni mweupe, umepandana kama masikio, hauna pete shingoni, na ile mistari ya chini ya kofia, myembamba kama kurasa za kitabu, hushuka mpaka kwenye shina. Safari hii kulikuwa na mwingine mdogo katikati yake, wa kahawia, shina jembamba, na pete kama sketi. Niliuona! Nikasema ni watoto wa ule mkubwa, gogo hili halizai haramu. Nyanya yenu alinifundisha kulaza kofia juu ya kitambaa cheusi mpaka kesho yake, nione rangi ya vumbi lake. Sikufanya, na hata hilo si kinga ya kila uyoga, msijidanganye.

Nilikula Jumatatu hiyo mchana, usiku nikatapika mpaka Jumanne, jana nikaamka mzima, nikakamua ng'ombe, nikamcheka Mutanu kwa kulia. Kumbe sumu ilikuwa imejilaza tu. Kama nisingetia pilipili nyingi, Mutanu, mwanao Mulei angekula nami sahani moja.

Shamba la chini ni la Nzomo, ng'ombe ni wa Mwongeli, na mpaka wa Kaluki msiusogeze. Gogo simrithishi mtu. Uyoga uliobaki jikoni ufukieni, hata kuku wasiuone. Mtoto wangu yeyote asilete nyumbani uyoga wa kwenye mti, hata akiapa anaujua.

Unaandika, Mutanu? Andika kwamba lile kopo… nililifunga kwa upendo. Asije akafa akidhani nilimkusudia. Mzee Ndolo, nishike mkono. Mungu awafunike, wanangu… mkae kitu kimoja… awape watoto wenu… Maji. Nzomo amefika?

Nzomo alifika Mbumbuni saa tisa. Kopo lilikuwa mezani, halijafunguliwa. Shangazi Kaluki alikuwa akimngoja Mama aje Jumapili, wale pamoja.