Historia ya Mama Viporo, Aliyepanga Zamu za Wenzake

Waliohudhuria mazishi haya ni hawa: mume wa marehemu, muuguzi mstaafu, aliyeketi hapa mbele, binti yao, kifungua mimba, fundi umeme, mwana wao, kitinda mimba, ambaye angali chuoni, kaka mkubwa wa marehemu na mkewe, shangazi wa marehemu, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu na kukataa kusogezwa kivulini, wauguzi wa wodi ya wanawake, waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kulala, majirani wa ghorofa ya pili, Karani wa Mapokezi, aliyesafiri kwa basi tangu jana, na ambaye ameketi nyuma kabisa ingawa familia ilimwekea kiti mbele, na wageni kutoka kampuni inayouza huduma ya kupanga zamu za hospitali, pamoja na mhandisi wao anayejulikana kwa jina la Fagio, walioleta shada kubwa kuliko jeneza.

Kwenye shada hilo pameandikwa, "Kwa mshiriki wetu mpendwa." Baba mdogo wa marehemu, aliyekabidhiwa kusoma historia hii, ameombwa na familia alisahihishe neno hilo kabla ya lingine lolote. Marehemu hakuwa mshiriki wa mtu. Alikuwa mwanzilishi na Msimamizi wa programu ambayo kampuni hiyo inaishi kwayo, na washiriki wangekuwa wao, kama wangependa kushiriki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa fundi saa na mshona mashuka. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa hisabati alimshtaki kwa mkuu wa shule kwamba anawafanyia wenzake hesabu, naye akajibu kwa adabu kwamba hawafanyii, huwa anafika mstari wa kabla ya mwisho, halafu anawaachia kalamu. Mkuu wa shule alicheka, akamrudisha darasani. Alihitimu masomo ya kompyuta mwaka 1997, na mwaka uliofuata akaajiriwa na ofisi ya bima kuandika programu za madai, kazi aliyoifanya mpaka miguu yake ilipokataa kupanda ngazi za ofisi hiyo.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa binti mwaka 2001 na mwana mwaka 2004. Mumewe alifanya kazi katika hospitali ambayo zamu zilipangwa kwa penseli nyuma ya boksi la glovu, na aliyegombana na mpangaji alijikuta na zamu ya usiku inayofuatwa na ya asubuhi, wiki nenda wiki rudi. Siku moja mume alisinzia mezani, kijiko kikiwa mdomoni. Marehemu alicheka, kisha akakasirika, akawasha kompyuta, akaanza kuandika programu ya kupanga zamu kwa haki, ili asiwepo muuguzi wa kuingia kazini kabla hajalala.

Mwaka 2009 aliifanya kuwa programu huria, maana yake maandishi yake yako wazi mtandaoni, mtu yeyote ayasome, ayatumie bila malipo, ayarekebishe, na kuyaleta marekebisho yake kwa Msimamizi ayakague. Hospitali nyingi ziliichukua. Watoto wake waliiita "mdogo wetu", wakilalamika kwamba ndiye pekee nyumbani asiyeoga, asiyeosha vyombo, na anayeitikiwa mara ya kwanza anapolia.

Jina la Mama Viporo alilipata kwa namna yake ya kulea wageni wa kazi hiyo. Makosa madogo ambayo angeyamaliza kabla maji ya chai hayajachemka aliyaacha kwa makusudi, akaandika pembeni pa kuanzia na pa kuchungulia, akayaita viporo, yaani chakula kilichowekewa mtu ambaye bado hajafika. Mgeni alichukua kiporo kimoja, akakosea, akaelekezwa, akarudia, na kazi ilipokubaliwa jina lake liliandikwa kama alivyolitaka, hata kama nusu ya mistari alikuwa ameisuka Msimamizi. Hakumrudishia mtu kazi kwa "hapana" tupu. Wenye umri wa watoto wake aliwaita mwanangu, wakubwa aliwaita dada na kaka, na mfamasia mmoja mbishi aliyebishana naye juu ya kila nukta alimwita mkwe, mpaka mwenyewe akazoea kujibu "naam, mama mkwe".

Ili mgeni asijione ameingia nyumba tupu, marehemu alijibu kila ujumbe kwa "sisi": tumepokea, tunashukuru, tutaangalia. Wenye hospitali wakaamini kuna ofisi na watu ndani yake, wakaandika kwa ukali, programu yenu mbovu, mmelala, rekebisheni leo. Hiyo "sisi" ilikuwa mwanamke mmoja kwenye meza ya jikoni, akisogeza sufuria kupata pa kuweka kompyuta. Kampuni yenye shada ilijua hivyo, kwa kuwa bosi wake aliwahi kuketi kwenye meza hiyo akanywa chai.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na daktari akamwambia atafute wa kumpokea kazi. Alimchagua Karani wa Mapokezi, mama mtu mzima wa zahanati ya mbali, aliyeanza na kiporo cha herufi zilizokosewa na sasa alikuwa akipanda kiporo kwa kiporo, polepole, bila kuruka. Kilibaki kimoja kikubwa, cha siku za likizo, na baada ya hicho angekabidhiwa funguo, yaani ruhusa ya kukubali au kukataa marekebisho ya programu.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu alilazwa, akampa Fagio ruhusa ya kuangalia mambo kwa siku chache. Fagio aliwasha mashine yake inayojiandikia programu, akavifagia viporo vyote, hata kile cha likizo kilichokuwa mikononi mwa Karani, na kumwandikia, "Dada, hiki sisi tumeshakimaliza. Siku nyingine uwe mwepesi." Kampuni ikatangaza kwamba imesafisha. Wageni walikuja, wakakuta hakuna pa kushika, wakaenda zao. Karani naye akaacha kazi, hakurudi.

Fagio alifika wodini na maua, akasema, "Mama, nimekusaidia, sasa pumzika." Marehemu alimtazama, akageukia ukutani, na Fagio alipotoka alimwambia mumewe, "Ile ilikuwa ngazi, mume wangu. Ameng'oa ngazi, anataka asifiwe kwa kusafisha ukuta."

Alimwandikia Karani mara kwa mara, mwilini akiwa na mipira ya mashine ya kusafisha damu, akisema, tunakuhitaji, tunaomba urudi, wala hakujibiwa. Ni mumewe aliyesoma barua hizo na kuligundua kosa: "sisi" ile ile aliyoiandika Fagio. Mwezi Aprili marehemu aliandika upya, mstari mmoja tu: "Mimi sikukufungia. Mimi ninakuhitaji." Karani alipanda basi.

Alisimama kando ya kitanda akiwa bado na mkoba begani, akasema, "Dada, Fagio aliandika 'sisi'. Nilidhani na wewe umo."

"Sisi ni nani?" marehemu akamwambia. "Niko peke yangu, dada. Miaka yote."

Walifanya kazi pamoja, mmoja kitandani, mwingine kwenye kiti cha wageni, wakikirudisha kiporo cha likizo mwanzo, na tarehe 12 Mei 2025 marehemu alimkabidhi funguo zote. Juzi bosi wa kampuni alimvuta mgane pembeni, hapa hapa msibani, kumuuliza funguo ziko wapi, kwa usalama wa wateja. Familia inajibu hadharani: ziko safu ya nyuma, na mwenye nazo ameshaandika viporo vipya. Fagio anaombwa asiviguse. Kampuni ikitaka kusaidia, ilete watu wakae, wajifunze, waandikwe majina.

Familia inawashukuru madaktari wa figo, wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliolea nyumba, wenzake wa ofisi ya bima, na kila aliyewahi kula kiporo chake akarudi kumwekea mwingine. Kwa shada haitoi shukrani. Lala, binti yetu, zamu yako imepokelewa.

Imebaki tarehe ya mwisho. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, asubuhi, katika wodi ya wanawake, wauguzi wakibadilishana zamu.