Lori Linalongoja Mtu Afe

Kijiwe hiki hakina paa wala meza. Kina kiti kirefu kilichong'olewa katika minibasi iliyokufa zamani, birika la Emerance, mama muuza kahawa, juu ya makaa, na watu watatu wanne ambao kila asubuhi huja kuitengeneza dunia kabla haijaharibika tena saa sita. Mbele yake ni barabara ya vumbi jekundu, na ng'ambo ya barabara ni uzio wa kituo kimoja cha uokoaji cha hapa Bunia. Ndani ya uzio husimama lori jeupe lenye kitanda cha mgonjwa nyuma, zawadi ya wazungu wa mbali, na asubuhi hiyo injini yake ilikuwa ikinguruma pasipo mtu ndani, kama ilivyo kawaida yake. Isidore, dereva wa lori hilo, alikaa mwisho wa kiti, kikombe kikimpolea mkononi. Mchana alitakiwa kwenda Kilo kumchukua mchimbaji wa dhahabu aliyeangukiwa na udongo shimoni, mgongo ukavunjika. Alikuwa anamngoja muuguzi alete ruhusa ya barabara. Na kila mtu kijiweni alijua anachokiogopa: mara tatu lori lilikuwa limezimika katika mpando uleule, mwinuko mkali wa njia ya Kilo, kila mara likiwa na mgonjwa, na mara zote tatu mgonjwa alikata roho palepale.

— Kamiyo yako iko na akili yake, Papa Shofere, alisema Fiston, muuza simu, ambaye kijiweni humwita Redio kwa sababu hana kifungo cha kuzimia. Ikienda bure, inaruka sawa mbuzi. Ikibeba mugonjwa, inasimama. Ile haiko ugonjwa ya motere. Ile inangojaka.

— Inangoja nini? aliuliza Isidore.

— Mutu akufe. Akisha kufa, inaondoka. Si weye mwenyewe ulisema? Ufunguo moja tu, na ikawaka!

Ni kweli, Isidore alikuwa amesema. Alikuwa ameyasema palepale kwenye kiti, siku aliporudi na mtoto wa miaka sita aliyefunikwa shuka, na tangu siku ile maneno yalikuwa yametembea mjini bila yeye. Sasa kulikuwa na wagonjwa waliokataa kupanda. Wengine walifungwa kwenye pikipiki, katikati ya ndugu wawili, kuliko kulazwa kwenye kitanda kile safi.

— Redio, funga mudomo, alisema Emerance. Mutu iko na safari.

— Mama, wacha niseme, alidakia Baudouin, muuza mafuta ya dizeli kwa bidoni, yaani madumu, ndiyo maana wanamwita Mazutu. Kosa haiko ya kamiyo. Kosa iko ya ule mupando. Chini ya pale kuko watu. Wakati ya vita hawakuzikwa muzuri. Na wazee walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Wale wamelala pale miaka ngapi? Wamechoka kuwa wageni. Wanatafuta kazi. Kazi yenyewe ni kushika magurudumu!

— Weye, mazutu yako iko na maji, alisema Emerance, akimmiminia. Usipakie wafu makosa ya bidoni yako.

Wakacheka, hata Isidore, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alikuwa anaukumbuka ule mpando. Alikumbuka jinsi nguvu ya injini ilivyokuwa ikiondoka chini ya mguu wake kidogo kidogo, kama mtu anayelegeza mkono wako ili akuache, kisha kimya. Kwenye kimya kile alikuwa amemsikia mtoto nyuma yake akiuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka:

— Imelala?

Isidore hakuwa amemjibu. Alikuwa anahangaika na ufunguo. Saa nzima baadaye mama wa mtoto alipoanza kulia, aliuzungusha mara moja tu, na injini ikawaka vizuri kuliko siku lori lilipoletwa.

— Mimi nitawaambia ukweli, aliendelea Redio, ambaye kimya humwasha. Ndani ya ile kamiyo kuko ordinatere, ile kompyuta. Sindiyo? Kule Ulaya iko mutu anakaa mbele ya kioo, anatuona. Anamupima mugonjwa kwa mbali: huyu atapona, huyu hapana. Akiona hapana, anafinya kifungo. Juu ya nini kuharibu mazutu kwa mutu mwenye amekwisha? Dalili ya mvua ni mawingu!

— Mvua gani tena?

— Mi nasema tu.

Hapo ndipo injini ng'ambo ya barabara ilipopandisha sauti.

Hakuna aliyekuwa ndani. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, kiti kikiwa kitupu, na hata hivyo ule mngurumo ulipanda kama mtu amekanyaga mafuta nusu na kubaki hapo, mguu ukitetemeka. Moshi mweupe ukatoka, na harufu ya kitu kinachoungua ikavuka barabara hadi kwenye vikombe. Emerance akapiga ishara ya msalaba. Baudouin aliinua miguu yote miwili kutoka ardhini, bila kujua. Kisha sauti ikashuka yenyewe, polepole, kama mtu aliyeghairi.

— Mumeona? alinong'ona Redio. Imesikia.

— Haikusikia kitu, alisema Donatien.

Donatien ni fundi wa magari, wanamwita Turnevisi, yaani bisibisi, na asubuhi ile hakuwa amefungua kinywa isipokuwa kwa kahawa. Alikuwa amegeuza kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza gari la mtu.

— Ilikuwa inajaribu kujisafisha, alisema. Imeshindwa. Mama Emerance, nipatie chujio.

Emerance akampa chujio la kahawa. Donatien akaligeuza juani. Nusu ya matundu yalikuwa yamezibwa na unga mweusi.

— Hizi kamiyo za sasa, kwa njia ya moshi kuko chujio kama hii. Inashika masizi. Ikijaa, ordinatere ya motere, haiko ya Ulaya, Redio, iko pale chini ya kiti, inaona motere haipumui, inapunguza nguvu. Inapunguza, inapunguza, mwisho inazima. Ili ile masizi iungue, inaomba moto mukali. Unakimbiza kamiyo nusu saa, kwa nguvu, inaungua yote. Lakini ukiiacha inanguruma bure mahali moja, haina moto, inajaza tu. Papa Shofere, unaizimaka saa ngapi?

— Sizimaki, alisema Isidore.

— Kabisa?

— Tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka jana ilikataa kuwaka, na mutu alikuwa anangoja. Nikasema sitarudia. Niliona nikiacha inawaka, iko tayari.

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kisha akasikia maneno yake mwenyewe.

— Na taa? Kuko taa ya manjano. Haikukuambia?

Isidore alitazama kahawa yake.

— Niliifunga. Na sparadra, ile ya kufunga vidonda. Ndugu ya mugonjwa anakaaka mbele na mimi. Akiona taa, anaanza kulia. Mugonjwa naye anasikia.

Donatien hakumlaumu. Alipangusa chujio kwa kidole na kumrudishia Emerance.

— Basi ni chujio tu! alisema Baudouin, akishusha miguu. Itoe, utupe!

— Nikitoa, ordinatere inakataza motere isiwake. Mashine ya kuibembeleza iko Kampala.

— Lakini juu ya nini inazima na mugonjwa tu? Redio hakuwa tayari kuachia mzimu wake. Ikiwa bure haizimi! Na mutu akikufa, inaondoka! Jibu ile, Turnevisi.

Aliyejibu alikuwa Isidore, polepole, kama anayesoma barua aliyoandikiwa zamani.

— Nikienda bure, ninakimbia, alisema. Njia mbovu, lakini ninakimbia, juu ya kufika. Nikifika wanaaga, wanaomba, wanapakia chungu na godoro, masaa mbili, na motere inanguruma. Kisha nikirudi na mugonjwa, ninaenda sawa mutu anabeba mayai. Kila shimo ninaizunguka. Masaa ine, tano, ninatambaa tu. Pale kwa mupando, ndipo inakuwa imejaa.

— Na kisha? aliuliza Redio.

— Kisha inapoa, inawaka. Na mutu amekwisha kufa. Siko na sababu ya kuenda polepole tena. Ninakanyaga.

Ng'ambo ya barabara lori lilinguruma kwa sauti yake ya chini, na sasa ilikuwa vigumu kuisikia kama sauti ya mashine. Isidore alikuwa ameishi na aibu ya kuendesha lori linalongoja watu wafe, na aibu hiyo, akilini mwake, ilikuwa ya lori. Sasa hakujua aiweke wapi. Alisimama, akavuka barabara, akazima injini, akarudi. Kimya kilichobaki kilikuwa kikubwa mno kwa mtaa ule.

— Ndiyo vile, alisema Donatien kwa upole. Haukujua.

Pikipiki ilisimama mbele ya kiti. Mwanamke akashuka, nguo na nyusi zikiwa nyekundu kwa vumbi, kitenge kikiwa kimekunjwa kifuani. Dereva wa pikipiki akamwonyesha kijiwe kwa kidevu.

— Muamukieni, alisalimia mwanamke. Ninaitwa Gracieuse. Ninatoka Kilo. Ule mutu udongo ilimuangukia, ni bwana yangu. Shofere ni nani?

— Ni mimi, mama.

Emerance alikuwa amekwisha kumsogezea kikombe. Gracieuse alikipokea kwa mikono miwili, hakunywa.

— Nimesikia maneno ya kamiyo, alisema. Kwa njia wote wanasema. Mimi siogopi ile. Hatuna ingine. Muganga wa kule amenituma nikuambie kitu moja: asitikisike. Mufupa ya mugongo imepasuka, inashikilia kidogo tu. Akitikisika sana itakata kitu ndani, atakufa. Lakini akisha kusema vile, akasema tena: mufike mbele ya giza kuingia, damu inaendelea kuvuja ndani, akikawia atakufa.

— Tumesikia, mama, alisema Isidore.

— Basi ninauliza tu, papa, nijue namna ya kumushika kule nyuma. Utamuleta mbio ao polepole?

Isidore alimtazama Donatien. Donatien alitazama mikono yake yenye grisi. Baudouin, ambaye ana methali kwa kila jambo, alianza kusema "Haraka haraka…" akaishia hapo.

Muuguzi alitokea langoni, akiinua juu karatasi ya ruhusa.

Gracieuse hakugeuka. Alibaki amesimama na kikombe chake kilichojaa, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa uvumilivu, kama mtu aliyeuliza njia.