Mamoyo ya Darasa la Pili

Wasifu huu umeandikwa na mimi, binti yake, na umesahihishwa na marehemu mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Naomba niliseme hilo mapema, msije mkadhani msiba umenipanda kichwani. Nitawaeleza ilivyokuwa tukifika hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1954, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi viatu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Kabla hajajua kusoma alijua kukata. Babu alimpa vipande vya ngozi vilivyobaki na mkasi usio na ncha, akamfundisha kukikunja kipande katikati kwanza, ndipo akate, ili pande mbili zilingane. Mama zangu wadogo walioketi hapo mbele wanakumbuka jinsi dada yao alivyowakatia wanasesere, viatu vya wanasesere, hata mkoba wa mwanasesere, na mabaki ya mabaki akayafanya vifungo. Kutupa kitu kulimpa homa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Alipokuwa darasa la tano alinyoosha mkono, akamwambia mwalimu wake kwa adabu zote kwamba neno la tatu ubaoni lina kosa. Alikuwa sahihi. Akaadhibiwa kumwagilia maua ya shule kwa wiki nzima, na neno nalo likabaki ubaoni wiki nzima vilevile. Alipotusimulia habari hiyo, maua hayakuwa yamemuuma hata kidogo. Lililomuuma ni lile neno. Alimaliza sekondari mwaka 1973, akaingia chuo cha ualimu, na mwezi Januari 1976 akapangiwa darasa la pili katika shule mnayoijua, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Hakutoka humo mpaka alipostaafu mwaka 2014.

Mwaka huohuo wa 1976 fundi saa mmoja kijana, ambaye ndiye baba yangu, alimwandikia barua ya kumwomba uchumba. Barua ilirudi baada ya siku tatu ikiwa imesahihishwa. Chini yake palikuwa pameandikwa: saba kati ya kumi, rudia aya ya pili. Baba akairudia aya ya pili, akapata tisa, na walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba. Ile kumi hajaipata hadi leo. Mungu aliwajalia watoto wawili: kaka yangu mwaka 1978, na mimi mwaka 1981.

Sasa niseme habari ya mamoyo, maana najua nusu ya watu waliopo hapa wamekuja kwa ajili hiyo, na wengine nimewaona mmekuja nayo mifukoni.

Siku ya wapendanao ya mwaka 1984, mama mmoja mwenye uwezo alimpa mwanawe kadi sita za dukani awape rafiki zake darasani. Sita wakapata. Waliobaki wakakaa wakitazama kadi za wenzao, na mmoja akauliza kama kadi zake zitaletwa kesho. Marehemu alisema zitaletwa kesho. Jioni ile alirudi nyumbani na maboksi yote matupu ya chaki aliyoyapata shuleni, akaomba kalenda kuukuu kwa majirani na vitambaa vyekundu vilivyobaki kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akapika gundi ya unga wa ngano, akakaa mezani. Kunja, kata, bandika. Kesho yake kila mtoto akapata moyo wake, siku moja nyuma ya kalenda.

Lakini haukuwa moyo mtupu. Mnajua jinsi alivyokuwa akiandika "Nimeona" chini ya kazi yoyote aliyoikagua. Basi nyuma ya kila moyo aliandika neno hilohilo, kisha jambo moja aliloliona kweli kwa mtoto yule. "Nimeona unavyomngoja mwenzako amalize kunywa maji." "Nimeona ulivyoacha kulia ukaendelea kuhesabu." Halikurudiwa jambo kwa watoto wawili, na hakuandika asiloliona. Kwa hiyo kuanzia mwaka uliofuata kazi ya kukata aliianza Januari, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, ila kazi ya kutazama aliifanya mwaka mzima, tangu watoto wakiwa darasa la kwanza.

Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita ofisini. Alisema amesikia kuna habari za mapenzi darasa la pili. Marehemu akamjibu kwamba mapenzi na upendo ni maneno mawili, na kama mwalimu mkuu ana nafasi Alhamisi mchana, atamfundisha tofauti yake. Hakuitwa tena.

Na gundi ile ilitufikisha pabaya siku moja. Baba alirudi kutoka kazini na njaa, akakuta sufuria jikoni, akatia sukari, akanywa vikombe viwili. Alisema tu kwamba uji wa leo ni mzito. Marehemu hakumwambia kitu mpaka mwaka uliofuata alipomwona anaikaribia sufuria tena.

Neno lenyewe, mamoyo, ni la watoto. Wingi wa moyo ni mioyo, au nyoyo, na marehemu hakuwa mtu wa kuacha kosa lipite. Alisahihisha vibao vya maduka. Alimsahihisha kasisi, na kasisi yupo hapa, anatikisa kichwa. Lakini watoto wa miaka saba walipomuuliza, "Mwalimu, mamoyo yetu yako wapi?" aliwajibu tu yako wapi. Miaka thelathini hakuligusa kosa lile. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema hilo ni lao.

Hapa ndipo panaponihusu, na nimeambiwa wasifu haufai kumhusu anayeusoma. Mtanisamehe. Mwaka 1989 niliingia darasa la pili. Kaka yangu alikuwa amepita mkondo B, kwa mwalimu mwingine, akasalimika. Mimi niliangukia kwa mama. Shuleni nilimwita Mwalimu, naye aliniita kwa jina langu na la baba, kama mtoto wa kuazima. Kulikuwa na maneno ofisini kwamba mtoto wa mwalimu atapendelewa, na yeye maneno hayo aliyaogopa kuliko alivyomwogopa mwalimu mkuu.

Ilipofika Jumanne tarehe 14 Februari, alinikabidhi mimi boksi nigawe. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina arobaini na moja. Nikagawa, nikisoma majina kwa sauti, nikiharakisha nifike kwa langu. Nikafika chini ya boksi. Langu halikuwemo. Nikarudi kwenye dawati langu, nikakunja mikono kama alivyotufundisha. Jioni tulitembea pamoja hadi nyumbani, yeye kabeba madaftari, mimi nimebeba boksi tupu. Sikuuliza. Naye hakusema. Nilidhani amenisahau, na nilikaa na fikra hiyo miaka thelathini na mitano, nikalelewa nayo, nikaolewa nayo, na ninyi mliokuwa mkinionyesha mamoyo yenu harusini kwangu mkaniona nacheka.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuchoka na kuvimba miguu. Daktari alimweleza kuwa moyo wake umetanuka. Akauliza kama umetanuka wenyewe au umetanuliwa na mtu, daktari akaandika kitu kwenye faili. Alitumia dawa kwa uaminifu, na kila Alhamisi aliendelea kupelekwa shuleni akae kwenye kiti cha nyuma cha darasa la pili, maana mamoyo hakuacha hata baada ya kustaafu, na asingeweza kuandika bila kuona. Namshukuru mwalimu wa sasa wa darasa hilo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliyemtunzia kiti hicho.

Mwezi Novemba mwaka jana alinituma niandike wasifu wake nimletee. "Sitaki kuzikwa na makosa," alisema. Nilikataa, nikagomba, nikaandika. Na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika kwamba ananiandikisha habari za kifo chake, niliandika pia sentensi hii: Aliwapa watoto wote wa darasa lake mioyo, isipokuwa mmoja. Nilimpelekea na sikumtazama machoni. Baada ya wiki akanirudishia ndani ya bahasha iliyobandikwa kwa gundi ya unga, akaniambia nitaifungua nitakapoihitaji.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 19 Januari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, baba akiwa amemshika mkono. Kalenda kuukuu ilikuwa kitandani, imekunjwa katikati.

Jumatatu nilifungua bahasha. Kila nilipoandika "marehemu", juu yake ameandika "bado". Nilipoandika kwamba alipendwa na watu wote, amefuta, akaandika: "Si kweli. Muulize mwalimu wa hesabu." Nilipoandika "mioyo" amekata kwa mstari, akaandika "mamoyo". Na kwenye ile sentensi yangu hakuandika kitu. Amebandika juu yake kipande cha boksi la chaki, boksi la zamani, kilichokatwa kwa umbo la moyo. Kitambaa chake chekundu kimepauka. Kwa mbele pana jina langu, kwa mwandiko wake wa ujana, ulionyooka. Aliukata mwaka ule, pamoja na mingine, akautoa ndani ya boksi kabla hajanipa. Nikaubandua taratibu. Nyuma ni mwandiko wa Novemba, unaotetemeka.

"Nimeona ulivyochungulia boksi mara ya pili. Nilikosa."

Sitawadanganya, kwanza nilikasirika. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kumbe aliona. Miaka yote hiyo aliona, akaogopa, kisha akaona haya, na haya zikazidi kila mwaka uliopita. Halafu nililia, na baba akaja, akauchukua ule moyo, akausoma kwa miwani yake ya saa, akaniambia marehemu alikuwa akiuhamisha kutoka droo moja hadi nyingine kila walipohama nyumba. Naye alikuwa akijua. Sote tulijua, kila mtu kivyake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na darasa la pili la miaka yote, pamoja na watoto wa mwaka huu, ambao mamoyo yao yako tayari mezani ila hayajaandikwa nyuma. Mwalimu wao ndiye atakayeyaandika, kwa kuwa ndiye anayewaona.

Mimi langu ninalo hapa, na sitalizika. Ila chini ya karatasi hii, kwa kalamu yake, nimeandika neno alilotuachia. Mama, nimeona. Lala sasa kwa amani.