Jemadari Anquetil, Aliyevunja Amani ya Ijumaa

Nyie mlioshika majembe, ngojeni kwanza. Kaka yangu hafukiwi kimyakimya kama mbwa.

Marehemu Anquetil, kifungua mimba wa Bwana Turstin na Bibi Aubree, alizaliwa tarehe 2 Februari 1043 katika ngome yetu karibu na Barfleur. Mimi ni Hawise, dada yake wa pekee.

Alipelekwa kwa watawa kusoma. Kilatini kilimshinda. Abati, mkuu wao, alimrudisha kwa baba, akasema, "Bwana, huyu chukua mwenyewe. Kila nikigeuka, yuko juu ya mnara anaangalia bahari." Baba akampeleka merikebuni. Safari ya kwanza alitapika mpaka mabaharia wakampachika jina la Bwana Matapishi. Hata alipopewa ujemadari, wazee wa bandarini walimwita hivyohivyo, naye akaitika huku anacheka.

Aliilinda pwani hii kwa niaba ya mtawala wetu tangu mwaka 1068. Miaka miwili baadaye alimwoa Mahaut. Siku ya posa, wifi yangu alisema mbele ya watu wazima, "Mwanamume nimempenda, ila harufu ya samaki aiache mlangoni." Alioga, masikini, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mungu aliwajalia Onfroy na Emmeline.

Ijumaa moja ya Septemba mwaka huu wa 1091, maharamia waliwabeba wanawake wetu waliokuwa wakiokota kome ufukweni. Kaka akaamuru matanga yapandishwe. Padre Gosselin akamshika mkono: "Jemadari, leo ni siku ya Amani ya Mungu. Kupigana ni marufuku hadi Jumatatu alfajiri."

"Hadi Jumatatu watakuwa wameshauzwa, Padre."

"Sheria ni sheria."

Akaenda. Akawarudisha wote, naye akarudi na mshale pajani. Kabla ya wiki kwisha, askofu alimtenga na Kanisa kwa kuvunja Amani.

Kidonda kikaoza. Padre alikuja akakaa kitandani pake, akaniambia atamwondolea adhabu ya kutengwa mara moja, mradi atamke kwamba anajuta. Nilimpigia magoti kaka yangu. "Sema tu, kaka. Neno moja, halafu ufe salama."

Akaniuliza, "Nijute yupi, Hawise? Nitajie ambaye ningemwacha."

Alifariki tarehe 3 Novemba bila mafuta matakatifu, na kengele haikupigwa. Ndiyo maana tuko hapa, nje ya ukuta wa makaburi, kwenye tope. Baba na mama wako ndani.

Mnanifariji kwamba Mungu anaona. Ah, jamani! Mimi nimefundishwa na mapadre walewale, na niliyofundishwa nayaamini. Kaka yangu anaungua motoni wakati huu ninaposoma wasifu wake, na mimi ndiye niliyeshindwa kumtoa neno moja mdomoni.

Ameacha mjane, watoto wawili, na mimi. Wameachwa pia wale wanawake wa kome. Naona vitambaa vyao vya kichwani kule nyuma ya ukuta. Hawathubutu kusogea, wala siwalaumu, maana Padre ametangaza: aliyevunja amani asitakiwe amani, na atakayemtakia atatengwa pamoja naye.

Padre Gosselin, uko hapo, unanisikia vizuri?

Anquetil, kaka yangu, apumzike kwa amani.

Haya, fukieni.