Koridoni, Nyuma ya Baba

WASILA: Haloo? Mama, ni wewe?

SHADLIA: Nani mwenzangu? Simu inakwaruza.

WASILA: Wasila. Napiga kutoka Sfax, hospitali. Niko kwenye mashine ya kusafisha damu.

SHADLIA: Mwanangu. Umekula?

WASILA: Nimekula. Mama, daktari kapita hapa. Anasema figo yako hawaichukui.

SHADLIA: Nami wameniambia. Eti sina pumzi.

WASILA: Wewe? Unayepanda kilima na gunia la zeituni mgongoni, na bado unamsengenya jirani njia nzima?

SHADLIA: Walinitembeza koridoni dakika sita, nenda rudi, haraka niwezavyo. Wameniuliza umri, wamenipima urefu, uzito. Wakasema mwanamke kama mimi, mzima, angefika mbali zaidi.

WASILA: Ulikuwa unaumwa?

SHADLIA: Sikuumwa.

WASILA: Viatu?

SHADLIA: Viatu havina neno. Baba yako alikuwepo.

WASILA: Koridoni?

SHADLIA: Alisema mkewe hatembezwi peke yake mbele ya vijana wa kiume. Akatangulia.

WASILA: Na wewe uka—

SHADLIA: Nikafuata. Nimpite mume wangu mbele za watu? Tangu niolewe sijampita. Waliuliza kila kitu wale, ila hawakuuliza nani yuko mbele yangu.

WASILA: Lakini baba anatembea kama anafukuzwa. Sokoni sote humkimbilia.

SHADLIA: Siku ile alikwenda polepole.

WASILA: Mguu?

SHADLIA: Mguu mzima. Tulipotoka kwenda kupanda basi aliniacha nyuma, kama kawaida yake.

WASILA: (mkwaruzo) ...ingekuwa ni Nizar aliyelala hapa?

SHADLIA: Kaka yako mwache.

WASILA: Nauliza tu. Baba angetembeaje?

SHADLIA: Umeshaniuliza nimekula nini? Hapana, mimi ndiye nimekuuliza.

WASILA: Mama. Daktari kakubali urudie kipimo Alhamisi. Njoo peke yako. Tembea kama unavyotembea ukienda kisimani.

SHADLIA: Nikifika mbali, baba yako atajua kwamba nilijua kwa nini alikwenda polepole. Nitarudi nyumba gani, Wasila?

WASILA: Na mimi je, nitarudi nyumba gani?

SHADLIA: Salio lako litaisha—

WASILA: Salio lipo. Sema utakuja.

SHADLIA: Ngoja. Mlango. Ni yeye.

WASILA: Sema ndiyo tu, basi.

SHADLIA: Hapana. Umekosea namba, mwanangu.

WASILA: Samahani, bibi. Nilikuwa namtafuta mama yangu.