Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Nne

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolalia mawe mawili ya volkano, kona moja ya Katoyi, hapa Goma, mbele ya chupa ya kahawa ya Mama Perpétue. Ukitaka kujua mambo ya mji huu usiisumbue redio. Kaa hapo dakika kumi, utayajua yote, hata yale ambayo hayajatokea. Yupo Hilaire, anayeitwa Déclarant, aliyekuwa akiwapitishia watu mizigo forodhani Bunagana mpaka vita vilipofunga njia, na tangu hapo anapitisha maneno tu. Yupo mzee Paul, anayeitwa Catéchisme, aliyefundisha dini miaka thelathini. Mithali zake zote ni za kweli, ila haziangukii mahali pake. Na yupo Florent wa Butembo, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa mwisho. Huyo wamembatiza Docteur Presque, yaani daktari karibu-karibu.

Jumamosi hiyo utani ulikuwa mdogo. Jumanne Florent angerudia mtihani wa mwisho, ule wa kumpima mgonjwa mbele ya jury ya maprofesa, ambao bila kuupita hakuna atakayemwandika kwenye orodha ya waganga wa nchi. Julai alipata saba juu ya ishirini. Akianguka tena, mwaka wote unarudi mwanzo. Na kule Butembo mama yake alikuwa ameshaomba misa ya shukrani, ikambidi arudi kwa padri kumwambia ingoje kidogo. Hilo la misa lilimuuma Florent kuliko zile alama. Upande wa Sake bomu lililia mara moja, mbali, na watu wakaendelea kupuliza kahawa zao.

Kilichowakosesha watu wa kijiwe raha ni kwamba ugonjwa wenyewe aliutambua. Alipewa mama mmoja mkimbizi, kitanda cha kumi na nne, dakika ishirini. Akamuuliza, akamsikiliza kifua, akaenda mbele ya jury akasema nimonia, pafu la kushoto. Hakuna aliyembishia. Kisha mkubwa wa jury akafunga faili akamwambia, "Rudi septembre." Basi. Kwa nini saba?

— Miye nilishasema, alianza Déclarant. Dosye haikupangwa muzuri. Pale Bunagana, ukiweka fakitire, ile karatasi ya bei, chini ya karatasi zingine, kamyo inalala mupakani, hata kama mizigo haina makosa. Huyu alianza na kifua. Angeanza na homa.

— Hapana, akasema Catéchisme. Kosa iko kwa kuuliza. Bazee balisema mugonjwa haulizwi uji. Weye unakuta mutu analala, anahema, unamujaza maswali.

Florent akaeleza kwa upole kwamba kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa na maswali arobaini na moja, yamepangwa daftarini, na yote aliyauliza bila kuruka hata moja. Mzee akatikisa kichwa. Arobaini na moja, alisema, hata Mungu siku ya hukumu hatauliza mengi hivyo.

Wakabishana kuhusu hilo muda wa kikombe kizima. Déclarant akahama kwenye dosye akaenda kwenye tai aliyovaa Florent siku ile, kwamba ilikuwa nyekundu na nyekundu inamkera mtu aliyesoma. Catéchisme akasema tai haina neno, ila profesa aliona wivu, maana mtoto aliutaja ugonjwa kabla yake, na mkubwa akitanguliwa, haraka haraka haina baraka. Mama Perpétue akaacha kusuuza vikombe.

— Ule mama hakukuwa mugonjwa, akasema.

— Alikuwa nani?

— Balimutuma kutoka Kinshasa. Anakohoa, anakohoa, kumbe anaangalia soksi zako.

Wote wakainama wakazitazama soksi za Florent. Moja ilikuwa na tundu kisiginoni, na kwa muda nadharia ya Mama Perpétue ilishika usukani. Déclarant hakukubali kushindwa na muuza kahawa. Akashusha sauti, akachora kwa kidole juu ya goti la suruali yake, akawaonyesha jinsi vita vyenyewe vilivyo mpango. Waganga wa Goma, alisema, wameona majeraha na kipindupindu tangu wakimbizi wa mwaka wa tisini na nne. Ukiwaacha wapate alama zao kamili, dunia nzima itakuja kutibiwa hapa, na profesa wa Ulaya atakula wapi? Ndiyo maana alama zinakatwa.

Florent akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza wiki ile, na kicheko kilimfanyia vizuri. Aliwapenda watu hawa. Kila jioni tangu Agosti walikuwa wakijifanya wagonjwa ili yeye afanye mazoezi, Déclarant akiugua figo, Catéchisme akiugua kila kitu, na walikuwa wameyasoma madaftari yake mpaka wanamjibu kabla hajauliza.

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mama mmoja aliyekuja kupumzika na gunia lake la makaa. Aliitwa Léocadie. Alikuwa amemwambia Mama Perpétue kwamba ametoka Masisi, na kwamba sasa analala chini ya shitingi, yaani turubai, kule kambi ya Bulengo. Alikunywa kahawa yake polepole akisikiliza, na walipotulia akaweka kikombe chini.

— Munisamehe, bapapa. Ule mama, alipona?

— Mama gani? akauliza Déclarant.

— Ule wa kitanda. Ule alikuwa anakohoa.

Déclarant akamtazama Catéchisme. Catéchisme akamtazama Mama Perpétue. Kisha wote wakamgeukia Florent, maana yeye ndiye aliyekuwepo.

Florent alijua kwamba mama yule alihema mara thelathini na nne kwa dakika. Alijua homa yake, na sauti ya pafu lake la kushoto. Na sasa akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisimulia pale kijiweni, kwa sababu hakuliona kuwa ni jambo. Alipoinuka kwenda kwa jury, mama yule alimshika mkono wa koti akasema kitu, naye akamjibu, "Ngoja, mama," kwa kuwa zilibaki dakika mbili. Hakurudi. Tangu Julai amepita mbele ya mlango wa wodi ile kila asubuhi akiwaza saba yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Sijue, akasema.

Léocadie akaitikia kwa kichwa, bila lawama, kama mtu aliyezoea jibu hilo. Akamrudishia Mama Perpétue kikombe, akafunga kamba ya gunia kwenye paji la uso, akainuka na mzigo wake akaenda. Florent akakusanya madaftari yake, naye akainuka.

— Unaenda wapi? akauliza Mama Perpétue. Si leo tunarudia figo?

— Hospitali. Naenda kuuliza kama alipona.

— Ni vizuri, akasema Déclarant, na safari hii hakuwa akitania. Ukifika pale mulangoni, utawaambia unatafuta nani? Anaitwa nani?

Florent akasimama palepale, madaftari kwapani. Kati ya maswali yake arobaini na moja, hilo halikuwemo.