Fisi Aitwaye Abdulsamad

Kwenye pantoni ya Kigamboni nilikaa nyuma ya mwanamke aliyejitambulisha kama Mwalimu Felicitas. Alikuwa akimsimulia mzee wa kanzu aliyekaa pembeni yake jinsi alivyowapeleka wanafunzi kuona wanyama kwenye bustani moja huko Kimbiji, kiingilio bure.

"Ni bure kwa sababu sie wenye maduka ndio tunaowalisha," alisema mzee kwa fahari. "Mie namlisha fisi."

"Kumbe wewe ndiye Abdulsamad?"

"Umenijuaje?"

"Jina lako liko kwenye kibao cha banda lake. Wanafunzi walimwita Abdulsamad asubuhi nzima, mpaka akaanza kuitika."

Mzee alishusha kofia ikafika kwenye nyusi. "Jumamosi wakwe wa binti yangu wanakwenda huko. Nitaomba wanibadilishie, wanipe twiga."

"Twiga ana mtu, mzee wangu. Amebaki ngiri."

Ngiri ni ndugu wa nguruwe, na mzee alilijua hilo. "Basi naacha kulisha."

"Ukiacha, wanafunzi wangu wataanza kulipa kiingilio."

Walibishana hivyo mpaka pantoni ikafika ng'ambo. Watu walisimama, mzee akabaki amekaa.

"Lakini mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "amenenepa?"

"Anang'aa."

Mzee aliinuka, akanyoosha kanzu, akashuka kama mtu aliyepewa habari njema za mwanawe.